Baridi Isiyo ya Friji

Shingo ya baba yake ilikuwa inchi kumi na tano na nusu tangu Pini ajue kushika futi kamba. Mwezi wa kwanza wa ugonjwa ikawa kumi na tano. Mwezi wa tatu, Jumatatu moja, alimzungushia futi, akasoma kumi na nne na robo, akapima tena kana kwamba futi ndiyo iliyokosea. Futi haikukosea. Kola ya shati jeupe ilikaa wazi mbele na nyuma, na vidole viwili vya Pini vikapita ndani yake bila kugusa ngozi.

“Vipi, fundi?” baba akauliza.

“Kola imekuwa kubwa kidogo, baba. Nitakukatia nyingine.”

“Kola nyingine,” mzee akasema, macho yakiwa dirishani. “Shingo nyingine huuzi?”

Pini alicheka kwa sababu alitakiwa acheke, kisha akaenda kusimama jikoni na kujifanya anatafuta kitu. Alikuwa ameogopa. Baba yake alikuwa anaisha, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha.

Jina la Pini alipewa na baba huyo huyo alipokuwa na miaka sita, kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na ukimshika vibaya alikuwa anachoma. Unene ulikuja baadaye, kuchoma hakukuondoka. Sasa alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, ghorofa ya pili, pembeni ya kiti kikubwa cha kuzunguka ambacho wageni wote walikishangaa. Kilikuwa kiti cha kinyozi. Mzee alinyoa vichwa vya mtaa ule miaka arobaini, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka na wateja wakaanza kukumbuka kwamba wana safari. Siku aliyofunga duka alibeba kitu kimoja tu, kile kiti, na hadi leo alikuwa anakalia hicho hicho akitazama barabara. Mtaa ulimwita Kinyozi, na ungeendelea kumwita hivyo hata angekuwa rubani.

Aliyewapikia wote wawili kwa miaka ishirini ni shangazi, dada mkubwa wa Kinyozi. Alikuja kwa wiki mbili mama yake Pini alipofariki, na wiki zile hazikuisha. Mchuzi wake ulikuwa unapiga hodi puani ukiwa bado ngazini. Pilipili aliipenda kama watu wengine wanavyopenda wajukuu. Kwa hiyo tumbo la Kinyozi lilipoanza kuwaka, kifua kikaungua, na usingizi ukawa wa kujigeuza tu, kila aliyesikia habari aligeuka kumtazama shangazi. Shangazi naye alijitazama. Siku hospitali waliposema ni vidonda vya tumbo, alichukua chupa zake zote za pilipili na kuzitia kwenye ndoo ya taka bila kuambiwa na mtu, na tangu siku hiyo alipika kama anayeomba msamaha.

Vidonge vya hospitali vilisaidia, lakini polepole. Pini si mtu wa polepole. Mteja mmoja alimsifia tabibu wa Ayurveda aliyekuwa na chumba juu ya duka la rangi, mwanamke mtulivu mwenye elimu ile ya kale inayogawa vyakula kati ya vinavyoupasha mwili moto na vinavyoupoza. Pini akampeleka baba yake. Tabibu aliweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mzee, akafumba macho kwa muda mrefu, akatazama ulimi, akauliza habari za jasho, za usingizi, hata za hasira. Kinyozi akajibu kwamba hasira hana, zote alimpa binti yake. Kisha akaingia nyuma ya pazia kufunga vifungo.

“Moto umemzidi huyu,” tabibu akasema. “Vya moto aviache. Ale vya baridi. Dawa za hospitali asiache hata siku moja. Sasa nisikilize vizuri, mwanangu, maana hapa wengi hukosea. Moto na baridi yetu sisi...”

Simu ya Pini ikalia. Alikuwa ni msimamizi wa hoteli, akitaka mashati kumi na mawili ya wahudumu kesho asubuhi, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye rafu za chupa. Pini akainuka huku simu iko sikioni.

“Nimekuelewa, tabibu. Moto aache, baridi ale.”

“Nimekuandikia yote hapa. Msomee na anayepika.”

Ilikuwa karatasi kubwa ngumu ya kaki, maana tabibu aliandika kwa herufi nene kwa ajili ya macho ya wazee. Pini akaikunja kama bomba, akashukuru, akamshika baba yake mkono, wakashuka.

Sasa fundi akiona karatasi ngumu ya kaki, haoni maandishi, anaona pateni, kielelezo cha kukatia nguo. Jioni ile, kola ya kwanza ya mashati ya hoteli ilikuwa haijakatwa na ndani hapakuwa na kipande cha karatasi cha kuchorea. Pini alikumbuka vizuri kabisa kwamba karatasi ile ni ya tabibu. Akajiambia maneno yameshaingia kichwani, ni mawili tu, moto na baridi, na mtu mzima hahitaji kuandikiwa maneno mawili. Akaigeuza upande usio na maandishi, akachora kola na stendi yake, akakata. Vipande vilivyobaki vikaenda na vumbi la nguo.

Kesho yake akamtangazia shangazi amri mpya: hakuna kitu cha moto kitakachopita mdomoni mwa baba. Kila kitu kitoke kwenye friji.

Nasi tunaosema lugha hii tunajua jinsi maneno hayo mawili yalivyo na hila. Muuza duka akikuuliza soda unataka ya moto au ya baridi, hakuna anayetegemea ya moto itoke na mvuke. Mtu akiwa na damu ya moto hatumwekei kipimajoto. Na baridi yabisi humshika mtu magotini jua likiwa la utosi. Pini aliyajua yote haya tangu akinyonya. Lakini alikuwa na mashati kumi na mawili, na alikuwa amekwisha kuelewa, na hakuna mtu mgumu kufundishwa kama aliyekwisha kuelewa.

Basi Kinyozi akaanza kulishwa baridi. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha yaliyolala kwenye friji usiku kucha. Mchana juisi ya nyanya na tangawizi yenye vipande vya barafu, na mtindi mkali uliochacha. Jioni wali wa jana, mgumu kama changarawe, na kachumbari ya siki. Mzee alikuwa anashika shavu kwa meno kuuma. Tumbo lilijikaza, akawa anakula vijiko vitatu na kusema ameshiba. Pini akaona ni moto unatoka, dawa ikianza kazi lazima mtu aisikie.

“Tangu lini mgonjwa akalishwa barafu?” shangazi aliuliza siku ya pili.

“Tangu tabibu aliposema, shangazi.”

Shangazi akanyamaza. Mtu anayeamini kwamba pilipili yake ndiyo iliyomuunguza mdogo wake hana mdomo wa kubishana kuhusu chakula. Alimwachia Pini jiko, akahamia kwenye kufua.

Hata hivyo, kunyamaza si kukubali. Kila siku saa sita Pini alikuwa ameinamia cherehani, na cherehani ile ilipiga kelele za kutosha kuficha harusi. Siku ya kumi na moja uzi wa chini ulikatika. Nyumba ikawa kimya ghafla, na katika ukimya ule Pini akasikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria.

Alimkuta shangazi anapakua supu ya choroko kwenye bakuli la bluu lenye mfuniko. Ilipikwa kwa tui jepesi na giligilani, haikuwa na hata chembe ya pilipili, na ilikuwa inatoa mvuke. Kijiko kilikuwa kimefichwa chini ya mtandio. Kinyozi alikuwa bafuni, maji yanasikika yakimwagika.

“Ni siku ngapi hizi?” Pini akauliza.

“Tisa,” shangazi akasema. Hakuwa mtu wa kudanganya. “Anakula hii tu. Ile yako anaitupa akiona umegeuka.”

“Moto huo, shangazi! Mvuke wote huo! Tabibu kasema moto utamuua.”

“Huyo tabibu mimi nilimwona? Ulikwenda wewe, ukarudi na sentensi moja.”

Ukweli huo ulimchoma Pini, na Pini akichomwa huchoma mara mbili. Alichukua bakuli, akamwaga supu yote kwenye sinki. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo akilikumbuka husimamisha cherehani.

“Ulimuunguza kwa pilipili miaka ishirini. Sasa unataka ummalizie.”

Wala halikuwa kweli, na alijua si kweli. Daktari wa hospitali alikuwa amemwambia yeye mwenyewe, kwa maneno mepesi, kwamba vidonda vile vimeletwa na wadudu wa tumboni, pilipili huvichokoza tu. Habari hiyo Pini hakuwahi kumfikishia shangazi. Alipitiwa kwanza, halafu akaona si lazima.

Shangazi alifunika sufuria taratibu, kama vile ndani mna mtoto aliyelala. “Unataka niondoke?” akauliza.

“Kama huwezi kumwacha apone, ndiyo.”

Hakubishana. Kinyozi alitoka bafuni, akameza kidonge chake, akasinzia kwenye kiti cha kuzunguka, na shangazi akapita nyuma ya kiti hicho na mkoba mmoja. Pini alimwona akisimama pale kidogo, mkono wake ukiwa karibu na kichwa cha mdogo wake, bila kukigusa. Akashuka ngazi.

“Dada yuko wapi?” mzee aliuliza alipoamka.

“Kaenda kwa mwanawe, baba. Wana jambo. Atarudi.”

“Hakuniaga.”

“Ulikuwa umelala.”

Kinyozi alifikiri. “Dada yangu hajawahi kuondoka bila kuniaga. Hata siku aliyoolewa aliniaga mara mbili, ya pili alirudi kutoka garini.” Akageuza kiti kuelekea dirishani, na hakuuliza tena. Kuanzia siku hiyo vijiko vitatu vikawa kimoja.

Hivyo ndivyo shingo ilivyofika inchi kumi na nne na robo.

Jumatatu ile, baada ya kusimama jikoni mpaka macho yakauke, Pini alirudi chumba cha mbele kukata kola mpya. Alifungua boksi la pateni, akatoa ile ya hoteli, ambayo ilikuwa inchi kumi na nne na nusu. Ilianguka kifudifudi juu ya meza, upande wenye maandishi ukiwa juu. Akainyoosha kwa kiganja, chaki mkononi, na jicho likashika mstari.

*...baridi si ya friji. Ni kazi ya chakula kikishafika ndani. Kipikwe, kiliwe kikiwa vuguvugu. Baridi ni choroko, tui la nazi, giligilani, shamari, wali, tango, maziwa yaliyochem...*

Mkasi ulipita hapo.

Akachukua stendi ya kola, kipande chembamba kinachokaa shingoni. *...ni moto hata vikitoka kwenye barafu: mayai, nyanya, tangawizi, siki, mtindi uliochacha, kitunguu saumu. Na barafu yenyewe asipewe kabisa, inazima jiko la tumb...*

Pini alikaa chini. Alisoma tena, kidole kikifuata mistari kama mtoto wa darasa la kwanza. Mayai. Nyanya. Tangawizi. Siki. Mtindi. Hata kama angekaa makusudi kuchagua vibaya asingeweza kukosea vyote kiasi hicho. Na choroko kwa tui na giligilani, chakula cha kwanza kwenye orodha, alikimwaga kwenye sinki kwa mikono yake kwa sababu kilikuwa kinatoa mvuke.

Akampigia tabibu simu. Hakujua aanzie wapi, akauliza kama choroko ya moto ni ya baridi. Alisikia jinsi swali lilivyotoka.

“Choroko ni ya baridi hata ikichemka, mwanangu,” tabibu akasema. “Nilikuandikia.”

“Nimeisoma leo.”

“Mzee anaendeleaje?”

“Amepungua.”

“Sana?”

“Inchi moja na robo,” Pini akasema.

Tabibu hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimwambia kesho asubuhi ampeleke mzee hospitali akapimwe uzito na damu, na leo ampe chakula laini cha vuguvugu kidogo kidogo. “Na mimi nina kosa langu,” akaongeza. “Ningekushika mkono mpaka nimalize kusema.” Kisha akauliza: “Nani anapika hapo?”

Pini akaangalia mlango wa jiko. “Hakuna,” akasema.

Shangazi alikuwa amefikia kwa mwanawe, dereva wa lori ambaye siku nyingi hayupo, katika chumba kimoja nyuma ya gereji ya matairi. Pini alimkuta uani, kwenye kigoda, sinia la mchele mapajani, anachambua mawe. Alimwamkia. Shangazi aliitikia bila kuinua kichwa, na vidole vikaendelea na kazi. Jiwe moja likaruka, likagonga tairi.

“Mdogo wangu yu hai?”

“Yu hai, shangazi.”

“Basi sema kilichokuleta.”

Njia nzima Pini alikuwa amepanga maneno. Yote yakakimbia. Akatoa pateni mbili za kaki kwenye mkoba, akamnyooshea.

“Nini hii?”

“Ni kola.”

“Naona ni kola. Nimeishi na fundi.”

“Nyuma yake ndiko tabibu alikoandika. Soma, shangazi.”

“Miwani yangu iko kwenye droo yenu,” shangazi akasema. Pini akalisikia lile *yenu*. Likapita nyuzi zote likafika kwenye nyama. “Nisomee wewe.”

Akamsomea. Akiwa amesimama uani, mafundi wa matairi wanapita na spana zao, alisoma kola yote kwa sauti, halafu stendi. Alipofika kwenye choroko shangazi aliacha kuchambua. Alipofika kwenye mayai na nyanya, shangazi alifumba macho.

“Halafu?”

“Imekatwa hapo.”

“Na nani?”

“Na mimi.”

Shangazi akaangalia sinia. “Kwa hiyo uliikata kabla ya kuisoma.”

“Ndiyo.”

“Halafu ukaja kunifundisha.”

“Ndiyo, shangazi.” Akapiga magoti pale pale kwenye sakafu yenye grisi, kwa sababu la pili lilikuwa zito kuliko la kwanza na hakuweza kulisema amesimama. “Kuna jingine. Vile vidonda. Daktari aliniambia zamani, vimeletwa na wadudu. Si pilipili. Si wewe. Nilijua siku ile ninasema. Nilijua kabisa, shangazi, nikasema hivyo hivyo.”

Mikono ya shangazi ikalala juu ya mchele. Kisha machozi yakaanza kumdondoka shangazi, makubwa, bila sauti, yakaangukia kwenye sinia, na hakuyafuta.

“Miezi mitatu,” akasema hatimaye. “Miezi mitatu kila nikilala najiambia nimemuua mtoto niliyemlea mgongoni. Mama yetu aliniachia huyu, Pini. Akanambia mshike. Mimi nikamlisha moto. Unajua mtu anaishi vipi na hilo?”

“Nisamehe, shangazi.”

“Sijui,” shangazi akasema. “Leo sijui. Usinikimbize.”

Pini, ambaye maisha yake yote alikuwa anakimbiza watu, akabaki magotini.

Shangazi akajifuta kwa ncha ya mtandio, akainuka, akaingia ndani. Alirudi na sufuria na kopo la choroko. “Mgonjwa hasubiri tugombane tumalize. Washa jiko.” Pini akawasha. Aliambiwa akune nazi, akakuna. Aliambiwa akate giligilani, akakata, na aliposogelea sufuria kuonja akaambiwa arudi nyuma. Supu ilipoiva shangazi aliimimina kwenye bakuli, akalifunga kwa taulo mara mbili.

“Twende wote,” Pini akasema. “Tafadhali. Baba anakuulizia.”

“Niliambiwa niondoke na nani?”

“Na mimi.”

“Nyumba ya nani?”

“Ya baba.”

“Mwenye nyumba ndiye ataniita. Siingii kwa mlango wa nyuma kama paka, eti nimesamehewa na mtoto wa mdogo wangu.” Akampa bakuli. “Yeye anajua niliondokaje?”

“Nilimwambia umeenda kwa mwanao.”

“Kumbe,” shangazi akasema polepole. “Kwa hiyo anadhani nimemwacha anaumwa nikaenda zangu.” Akarudi kwenye kigoda, akachukua sinia. “Nenda. Itapoa.”

Pini alilibeba bakuli kifuani barabara nzima. Joto lake lilipenya taulo mpaka likamfikia ngozi, na hakulisogeza.

Kinyozi alikuwa pale pale dirishani. Pini akaweka bakuli kwenye meza ndogo, akafungua taulo, akafunua. Mzee aliuona mvuke, akamtazama binti yake kwa mshangao, maana ni wiki tatu binti huyo hakumletea kitu chenye mvuke. Akachota kijiko, akakifikisha mdomoni. Akameza. Akabaki na kijiko hewani.

“Huu mkono wa dada,” akasema. “Yuko jikoni?”

“Hapana, baba.”

“Kaja akaondoka?”

“Hajaja.” Pini akashika mgongo wa cherehani. Palikuwa na uongo mdogo wa karibu, tayari kabisa, wa kusema shangazi ametuma tu na salamu. Aliuona, akauacha. “Hakuenda kwa mwanawe kwa hiari yake, baba. Nilimfukuza. Alikuwa anakupikia hii, nikaimwaga. Nikamwambia yeye ndiye aliyekuunguza. Nikakudanganya wewe. Na vyote nilivyokuwa nakulisha vilikuwa makosa, niliikata karatasi ya tabibu bila kuisoma.”

Alingoja akemewe. Kinyozi alirudisha kijiko kwenye bakuli, akachota tena, akala. Akala kijiko cha tatu, cha nne, cha kumi, bila haraka, macho yakiwa kwenye supu, na Pini akasimama akimtazama baba yake akila kwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi, asiweze kufurahi. Bakuli lilipokwisha mzee alijifuta mdomo, akalifunika.

“Niletee shati.”

“Lipi, baba?”

“Jeupe. Nakwenda kumwita dada yangu.”

“Hiyo kola bado, baba, itakuaibisha. Ngoja nusu saa tu niipunguze. Au niishike na pini kwa nyuma, haitaonekana.”

“Usiiguse.” Alishika mikono ya kiti chake, akasimama, akayumba, akajiweka sawa. “Dada aione shingo yangu ilivyo. Na wewe utakuwepo, umesimama pale, wakati anaiangalia.”

Pini akaleta shati. Mzee akafunga kifungo cha juu mwenyewe, kwa shida, mara tatu kikimponyoka, na binti yake mwenye mikono ya fundi hakuthubutu kumsaidia. Kisha wakashuka ngazi, mzee mbele ameshika ukuta, Pini nyuma na bakuli tupu, na kila hatua aliiona ile kola ikicheza peke yake kuzunguka shingo ya baba yake.